Kamera ya laptopu, ya USB au ya simu: ipi ikufae, na uipime vipi kabla ya kutoa pesa

Mtu akilalamika Nairobi kwamba kwenye mkutano wa mtandaoni anaonekana kama kivuli, ushauri wa kwanza atakaopewa ni ashuke Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki, akanunue kamera. Huenda kweli anaihitaji. Lakini mara nyingi mtu huyo ana kamera mbili tayari, moja juu ya skrini ya laptopu na nyingine mfukoni, na hajawahi kuipima hata moja. Kwa hiyo hapa nazilinganisha tatu: iliyojengewa ndani ya laptopu, ya kuchomeka kwa USB, na simu iliyogeuzwa kamera. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua nimeegemea wapi. Simu ya kawaida inaishinda kamera ya USB ya bei ya chini, na hiyo ya USB isiyo na jina ndiyo uamuzi mbovu kuliko yote.

Kwanza ujue kama tatizo ni kamera au mtandao

Usianzie ndani ya mkutano. Windows ina programu yake iitwayo Camera, Mac ina Photo Booth, na Ubuntu ina Cheese au, kwenye matoleo ya karibuni, Snapshot. Zote hufanya kazi intaneti ikiwa imezimwa. Ndiyo sababu nazipendelea kuliko tovuti za kupimia kamera: hazili bando, na zinakutenganishia makosa ya kamera na makosa ya mtandao. Fungua, jirekodi dakika moja ukizungumza na kusogeza mikono, kisha ujitazame.

Ukijiona vizuri humo lakini kwenye mkutano unageuka vipande vipande, kamera haina kosa. Mazungumzo ya watu wawili kwa Zoom kwa ubora wa 720p yanataka takriban megabiti 1.2 kwa sekunde za kupandisha na kiasi hicho hicho za kushusha. Piga hesabu: saa moja inameza karibu gigabaiti moja. Njia ikiwa nyembamba, programu hupunguza ubora wa picha bila kukuuliza, na hata ungekuwa na kamera ya studio, upande wa pili utaonekana na ukungu ule ule. Pesa ya kamera hapo ingefaa zaidi kwenye intaneti, au hata kwenye waya wa kuunganisha laptopu na ruta.

Picha ikiwa mbaya hata kwenye jaribio la nje ya mtandao, sasa tunaweza kuanza kulinganisha.

Iliyo ndani ya laptopu

Hii ndiyo inayodharauliwa zaidi. Laptopu nyingi tunazotumia mjini ni zile za mtumba, za "ex-UK", ThinkPad na EliteBook zilizotumika ofisini ughaibuni miaka kadhaa kabla ya kufika Moi Avenue. Kamera zake aghalabu ni za 720p, yaani pikseli 1280 kwa 720, ambazo hazifiki hata megapikseli moja. Sensa, kile kipande kinachonasa mwanga, ni ndogo kwa sababu lazima ienee kwenye ukingo mwembamba wa skrini. Mwanga ukiwa mzuri inatosha kabisa kwa mahojiano ya kazi au kwa wakili anayesubiri kesi yake itajwe mahakama ya Milimani kwa njia ya mtandao. Mwanga ukipungua ndipo aibu yake inapoonekana: chembechembe nyingi, uso wa kijivu, na mkono ukipita unaacha mkia.

Wengi husema kamera hiyo "imekufa" wakati haijafa. Anza na kilicho rahisi kuliko vyote, kifuniko. Nyingi za ThinkPad kuanzia kizazi cha T480 cha 2018 zina kibao kidogo sana cha kusukuma kwa ukucha juu ya lenzi, na baadhi ya EliteBook za kipindi hicho nazo zina chao. Kibao cha ThinkPad kikifunga, kidoti chekundu hujitokeza, lakini nani hukitazama? Laptopu nyingine zina kitufe chenye picha ya kamera iliyokatwa kwa mstari kwenye safu ile ya juu ya F1 hadi F12. Mtoto akikibonyeza, au wewe mwenyewe ukitafuta kitufe cha sauti, kamera imezimika.

Taa ndogo iliyo kando ya lenzi ndiyo shahidi wako. Taa ikiwaka na picha ikawa nyeusi tititi, kamera inafanya kazi ila kuna kitu mbele yake: kibao, karatasi, au plastiki ya kiwandani ambayo haikubanduliwa. Taa isipowaka kabisa, tatizo liko kwenye ruhusa au kwenye waya; ikiwaka kabla hujafungua programu yako, kuna nyingine iliyoishikilia.

Ruhusa ziko katika ngazi mbili, na watu husahau mojawapo. Ya kwanza ni ya mfumo. Kwenye Windows 11 ingia mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, kisha kamera, uhakikishe imewashwa kwa programu zote, pamoja na kile kitufe cha chini kabisa cha programu za kawaida zisizotoka dukani mwa Microsoft. Ya pili ni ya kivinjari. Ukitumia Google Meet ndani ya Chrome, bonyeza alama iliyo kando ya anwani ya tovuti, uone kama siku moja uliikatalia kamera kwa haraka. Mfumo ukiruhusu na kivinjari kikakataa, huoni kitu. Kwenye Mac, ukishatoa ruhusa, funga programu uifungue upya, la sivyo itaendelea kukaidi.

Kuhusu programu kung'ang'ania kamera, dawa ni fupi. Kwenye Windows, programu moja ikiishika, nyingine mara nyingi huambulia patupu. Funga Teams iliyojificha kule chini kando ya saa, funga vichupo vya mkutano wa jana, kisha ujaribu tena.

Likija kosa la 0xA00F4244, Windows inakwambia haioni kamera yoyote. Fungua Device Manager utafute kundi la kamera. Ikiwa jina lipo, liondoe, uwashe mashine upya, na Windows itarudisha yenyewe draiva, yaani programu ndogo inayoiendesha kamera, kwa kuwa kamera nyingi hufuata utaratibu mmoja wa video wa USB, hata hizi za ndani. Ikiwa jina halipo kabisa, kumbuka mashine yako ilikotoka. Laptopu iliyokuwa ya ofisi inaweza kuwa kamera yake ilizimwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na mafundi wa kampuni ile. Kwenye ThinkPad utaikuta chini ya usalama, kwenye orodha ya milango ya kuingiza na kutoa data. Kuiwasha ni kazi ya dakika mbili, na nimeona watu wakitozwa pesa ya "kubadilisha kamera" kwa kazi hiyo.

Kuna jaribio jingine ambalo fundi mwaminifu hulifanya kabla ya kufungua skrubu yoyote. Washa programu ya Camera, kisha funua na ufunike skrini polepole, kuanzia karibu kufunga hadi mwisho wa bawaba. Picha ikikatika kwenye pembe fulani na kurudi kwenye nyingine, waya mwembamba unaopita ndani ya bawaba umechoka. Huo unabadilishika. Ikiwa skrini nzima nayo inamemetuka pembe ile ile, ujue waya wa skrini umeguswa pia, na hapo gharama hupanda.

Ya kuchomeka kwa USB

Hapa ndipo chema hujiuza na kibaya hujitembeza. Kamera zenye jina zinajulikana sifa zake. Logitech C270 ni ya 720p na lenzi yake imewekwa umbali mmoja, haijilengi. C920 ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka 2012 na bado inauzwa, hutoa 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde, hujilenga yenyewe, na ina maikrofoni mbili. Ukiziweka kando ya kamera ya laptopu ya mtumba, C270 haikupi pikseli zaidi. Inachokupa ni uhuru wa kuiweka mahali pazuri, juu ya skrini kubwa au kwenye rafu iliyo sawa na macho yako. C920 ndiyo inayoleta tofauti unayoiona kwa macho, hasa kwa mwalimu anayeonyesha daftari au fundi cherehani anayeonyesha mteja mshono.

Halafu kuna zile zisizo na jina, zenye duara la kuzungushia lenzi na taa tatu za kumulika mbele, ambazo boksi lake limejaa namba. Mazungumzo dukani huwa hivi:

"Hii ni HD kabisa, mkubwa. Iko na megapikseli 12."

"Sawa. Ichomeke kwenye mashine yangu tuone."

"Boksi ikifunguliwa, umenunua."

Ukifika hapo, shukuru utoke. Duka linalofuata liko hatua chache, na kwenye ukuta wake pia pameandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kwa hiyo kujaribu kabla ya kulipa ndiyo dhamana pekee uliyo nayo. Namba za boksi zipime kwa hesabu: video ya 1080p ni pikseli 1920 kwa 1080, kama milioni mbili basi. Kamera ya video inayojigamba megapikseli 12 kwa bei ya chakula cha mchana mara nyingi ina sensa ya 640 kwa 480, na hizo nyingine ni picha iliyovutwa na programu. Hata orodha ya ubora ndani ya Camera inaweza kukuonyesha 1080p na bado ikawa ni ya kuvutwa.

Gazeti litakupa jibu. Beba Taifa Leo na laptopu yako. Kamera ikishachomekwa, shika ukurasa mbele yake kwa urefu wa mkono ulionyooshwa. Vichwa vikubwa vitasomeka kwa kamera yoyote, kwa hiyo visikudanganye. Tazama vichwa vidogo na majina yaliyo chini ya picha. Kamera ya 720p ya kweli itakupa vichwa vidogo vyenye kingo safi, huku habari yenyewe ikibaki mistari ya kijivu. Ya 1080p ya kweli itakufanya uanze kubahatisha maneno ya habari. Ile ya uongo itafanya hata vichwa vidogo viwe laini kama vimelowa maji. Kisha sogeza gazeti karibu na uso wako na ulirudishe. Ikiwa kamera inajilenga, hesabu kimoyomoyo inachukua muda gani kutulia. Inayohangaika mbele na nyuma kila unapotikisa kichwa itawachosha wanaokutazama.

Ukiwa nyumbani, kamera ya USB ikiganda au ikikatika, kabla ya kuilaumu itoe kwenye kile kigawanyo cha milango ambacho pia kina flashi, kipanya na modemu. Video ya 1080p isiyobanwa, kwa fremu 30, ni karibu megabiti 1,000 kwa sekunde, wakati USB 2.0 hubeba 480 kwa makadirio ya juu kabisa. Kamera huibana picha ndani yake ili ipite, lakini ikilazimika kugawana mlango mmoja na diski inayonakili filamu, kitu kitaachwa nyuma. Ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, tena upande mwingine.

Simu

Simu ya kati unayoitumia kila siku ina kamera ya nyuma iliyo bora kuliko ile ya laptopu ya mtumba, na mara nyingi kuliko C920 pia kwenye mwanga hafifu. Ukiwa na Mac yenye mfumo wa Ventura au wa baadaye na iPhone kuanzia XR yenye iOS 16, Apple iliziunganisha tangu 2022: weka simu karibu, na jina lake linajitokeza kwenye orodha ya kamera. Baadhi ya simu za Android 14 na kuendelea, Pixel zikiwa mbele, zinakubali kuchomekwa USB na kuchaguliwa kuwa kamera bila programu yoyote. Windows 11 nayo ina njia yake kupitia programu ya Link to Windows. Kwa simu nyingine nyingi zilizoko mikononi mwetu, DroidCam au Iriun hufanya kazi hiyo: unaweka programu moja kwenye simu na mwenzake kwenye kompyuta, halafu unaunganisha kwa waya au kwa Wi-Fi ile ile.

Waya, tafadhali. Wi-Fi hukawiza picha kidogo, na midomo ikawa nyuma ya sauti. Waya pia huichaji simu.

Tatizo la simu Nairobi ni kwamba aghalabu ndiyo intaneti yenyewe. Simu inayotoa hotspoti, inayopiga video na inayochaji kwa wakati mmoja hupata joto hadi ipunguze kasi. Na mtu akikupigia katikati ya mahojiano, kwenye baadhi ya simu na laini data husimama hadi simu ikatwe, hivyo unapoteza kamera na mkutano kwa mpigo mmoja. Ukitaka kuitumia kwa kazi ya kudumu, intaneti itoke kwingine, simu iwekwe hali ya kutosumbuliwa, na uwe na kishikio kisichoyumba. Kuiegemeza kwenye kikombe hudumu hadi mtetemo wa kwanza.

Jambo jingine la kuangalia: ukishaweka DroidCam au programu ya aina hiyo, orodha ya kamera ndani ya Zoom inakuwa ndefu, na mara nyingine Zoom huchagua kamera ya bandia isiyo na kitu nyuma yake. Skrini nyeusi, taa haijawaka, mwenyewe unatoka jasho. Bonyeza mshale mdogo kando ya alama ya video uchague kamera kwa jina. Na kama una mtihani unaosimamiwa mtandaoni, uliza kwanza: baadhi ya mifumo hiyo hukataa kamera za namna hii.

Mwanga, na zile 50 za stima

Kamera zote tatu hapo juu zinabadilika ukizigusia mwanga, na hapa hakuna gharama. Kamera iliyo gizani huacha mlango wake wa kupokea mwanga wazi kwa muda mrefu zaidi kwa kila fremu. Ikishafika sehemu ya 1 ya 15 ya sekunde, haiwezi tena kutoa fremu 30, inatoa 15, na ndio ule mkia wa mkono. Geuza meza uelekee dirishani. Dirisha likiwa mgongoni, kamera hupima ule mwangaza wa nje na kukugeuza kivuli, hata iwe ya bei gani. Kwenye bedsita yenye balbu moja katikati ya dari, taa ya mezani iliyoelekezwa ukutani mbele yako itakufaa kuliko kubadilisha kamera.

Kisha kuna mistari myeusi inayopanda na kushuka usoni usiku. Wengi huidhani ni kamera mbovu na kwenda kuibadilisha, na inayofuata inafanya vile vile. Stima ya Kenya ni ya hezi 50, kwa hiyo taa nyingi humemetuka mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyopangwa kwa stima ya Marekani, ya hezi 60, hufungua na kufunga mlango wake kwa mwendo usiolingana na taa zetu. Tafuta kwenye mipangilio ya programu ya Camera, au ya programu iliyokuja na kamera yako, sehemu ya kupunguza kumemetuka, uweke 50. Mistari inatoweka hapo hapo. Ikikataa, badilisha balbu. Baadhi ya LED za bei rahisi humemetuka vibaya kuliko zingine.

Sasa uchague

Kama mikutano yako ni michache na unakaa karibu na dirisha, baki na ya laptopu. Ina sifa moja ambayo hakuna anayeihesabu: stima ikipotea, betri ya laptopu inaendelea kuilisha, huna waya wa kuhangaika nao, na simu yako iko huru kuwa hotspoti wakati ruta imezimika. Hata ukinunua nyingine, hii iache ikiwa tayari.

Kama unafundisha, unauza kwa video au unaonyesha kazi ya mikono, jaribu simu kwa wiki moja kabla ya kununua chochote, ikiwezekana simu ya zamani iliyopasuka kioo ambayo haina laini. Hiyo haipigiwi na mtu. Ukiona unachoka kuifunga na kuifungua kila siku, hapo C920 au inayofanana nayo imejilipia. C270 ningeinunua tu kwa kompyuta ya mezani isiyo na kamera kabisa, au pale ya laptopu imekufa kwa bawaba na fundi anataka zaidi ya bei ya kamera.

Na ya megapikseli 12? Hapana, hata ikiwa ni ya mtoto wa shule. Atakuwa anatazamwa na mwalimu wake kupitia ukungu muhula mzima.

Maikrofoni ni habari nyingine, ila kwa kifupi: kamera yoyote utakayochagua, usitegemee maikrofoni yake kama nyumba yako inasikia matatu au spika za kanisa. Vipokea sauti vya waya vya simu vinaishinda hata C920 hapo. Na kifuniko cha kuficha kamera, kama una MacBook, kiwe karatasi nyembamba. Apple wenyewe walionya mwaka 2020 kwamba kuifunga laptopu juu ya kifuniko cha plastiki kunaweza kuvunja skrini.

Ukishachagua, fanya jaribio la mwisho kwa saa ile ile ya mkutano, wala si usiku uliotangulia. Mahojiano yakiwa saa tatu asubuhi na dirisha lako linatazama mashariki, jua litakuwa limeshaingia na kukupiga usoni, na pazia jepesi ndilo utakalohitaji. Yakiwa saa nane mchana, chumba hicho hicho kitakuwa na kivuli, na huenda ukalazimika kuwasha ile taa ya mezani.